Kutoka Ndeeba hadi Otuke: kufuata mbao, gome, makaa na mafuta ya mti uitwao yao

Jumatatu, Ndeeba

Anayetaka kuujua msitu wa Uganda bila kutoka Kampala aende Ndeeba, kwenye barabara ya Masaka, asubuhi malori yanaposhusha mzigo. Mbao zimeegemezwa wima kandokando ya njia: misonobari na mikaratusi kutoka mashamba ya miti ya humu nchini, na nyuma yake, penye kivuli kidogo, mahogani na mvule. Sehemu kubwa ya hizo mbili za mwisho huvuka mpaka kutoka mashariki mwa Kongo, kwa sababu mti wa asili wenye unene wa kupasuliwa umekuwa adimu upande huu.

Mnunuzi mzoefu haanzi na rangi. Huanza na kichwa cha ubao. Mbao halali hugongwa alama kwa nyundo ya afisa misitu, na husafiri na hati inayoonyesha zilikotoka, ni za mti gani na ni kiasi gani. Kichwa kilichokatwa upya asubuhi hiyohiyo, huku ubao wote uliobaki una vumbi la safari, kinastahili kuulizwa maswali. Kisha hutoa futi mfukoni. Urefu wa kawaida hapa ni futi 14, na mbao huitwa kwa vipimo vyake: nne kwa mbili, sita kwa mbili, kumi na mbili kwa moja. Vipimo hivyo ni vya mdomo. Ubao wa inchi moja uliopasuliwa kwa msumeno wa mnyororo usio na reli ya kuuongoza waweza kuwa inchi moja na robo upande huu na robo tatu upande ule. Seremala akishaupiga randa mpaka usawazike, hubaki na kitu cha kufungia mgongo wa kabati tu.

Hapo ndipo hasara ya msitu inapoanza kuhesabika. Mnyororo hula milimita 8 hadi 10 kila unapopita ndani ya gogo. Msumeno wa utepe, ule wa mashine zinazohamishwa na kufungwa shambani, hula milimita 2 hadi 3. Gogo likipasuliwa mara kumi, mnyororo umegeuza sentimita 8 hadi 10 kuwa vumbi. Utepe umekula 2 hadi 3. Tofauti hiyo ni mbao mbili za inchi moja, na gogo ni lilelile. Ongeza mikato iliyopinda na magamba manene ya pembeni, na mpasuaji wa mnyororo mkononi hupata robo hadi theluthi ya gogo kama mbao za kuuzika, wakati mwendeshaji makini wa mashine ya utepe hukaribia nusu. Wanaozungumzia kupanda miti bila kuzungumzia misumeno wameacha nje nusu ya habari.

Kwa mahogani kuna jambo la karatasi pia. Mwishoni mwa 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama uliingiza Khaya, yaani mahogani ya Afrika, pamoja na Afzelia na Pterocarpus, katika Kiambatisho cha Pili. Maana yake, biashara ya kuvuka mpaka haikupigwa marufuku, lakini inahitaji kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji hauumalizi mti huo porini. Seremala anayepokea oda ya nje aulize hati kabla ya kununua ubao, si baada ya kumaliza meza.

Mbao mbichi ni balaa la pili la Ndeeba. "Kavu kabisa, mzee," atasema muuzaji, na ubao unalia maji ukipigwa msumari. Kupima si kazi: kata kipande kidogo mbali na kichwa, pima uzito, kikaushe ndani ya oveni kidogokidogo mpaka uzito usishuke tena, kisha gawanya maji yaliyotoka kwa uzito wa kipande kikavu. Kipande cha gramu 70 kilichoshuka hadi 50 kilikuwa na maji asilimia 40. Samani za ndani zinataka 12 hadi 15. Mlango uliofungwa ukiwa na 40 utasinyaa, maungio yatafunguka, na mwenye nyumba atanunua mwingine, yaani mti wa pili kwa kazi ya mmoja.

Kukausha hakuhitaji tanuri. Jenga vitako vya matofali nusu mita juu ya ardhi, chini ya paa lisilo na kuta. Tandaza safu ya mbao, weka vijiti vikavu vya inchi moja kila baada ya sentimita 60, halafu safu nyingine, na kila kijiti kikae wima kabisa juu ya mwenzake. Kijiti kikitoka kwenye mstari, uzito wa juu huupinda ubao mahali hapo na haunyooki tena. Vichwa vipakwe rangi kuukuu au nta, kwa kuwa maji hutoka haraka zaidi vichwani kuliko ubavuni, na haraka hiyo ndiyo inayopasua. Juu kabisa weka mawe. Msonobari wa inchi moja huchukua kama wiki sita hadi nane, mahogani ya unene huo miezi mitatu au zaidi. Msonobari haungoji: ukiachwa umelaliana mbichi hata siku chache, ukungu wa buluu huingia. Nguvu haipungui, ila bei hushuka.

Jumanne, Mpambire na Mpanga

Barabara ileile ya Masaka, ukishapita njia ya kuingia Mpigi, inafika Mpambire, kijiji cha watengeneza ngoma. Ngoma zimepangwa kando ya lami kuanzia zile za kubeba watoto hadi zile zinazohitaji wanaume wawili kuzinyanyua.

Miti inayotakiwa ni ile laini na myepesi: setala, yaani Polyscias fulva, kirundu ambaye wataalamu humwita Antiaris toxicaria, na mukebu wa jamii ya Cordia, unaopendwa kuliko yote kwa kuwa haupasuki ovyo. Gogo huchongwa likiwa bichi. Anayelikausha kwanza akidhani anafanya vema atakuta nyufa zinazotoka katikati kwenda nje, maana moyo wa mti na mzingo wake havisinyai kwa kiasi kimoja. Fundi hutoboa moyo mapema kwa patasi ndefu, hupanua kutoka juu na kutoka chini mpaka mashimo yakutane, na huacha ukuta wa unene wa vidole viwili. Gogo tupu husinyaa bila kuvutana na kitu, ndiyo maana hubaki zima. Baadaye hukaa kivulini wiki kadhaa.

Ngozi ya ng'ombe hukwangwa manyoya, hulowekwa mpaka ilegee, kisha hufungwa juu na chini kwa kamba zilizokatwa kutoka ngozi hiyohiyo. Huvutwa ikiwa mbichi; jua humaliza kazi ya kukaza. Wasioelewa hufunga ngozi kwenye gogo ambalo bado lina maji, na baada ya msimu mmoja wa kiangazi gogo limepungua, ngozi imelegea, na ngoma inatoa sauti ya boksi.

Kinachobana ufundi huu ni kipenyo, kwani ngoma ndogo hupatikana kwenye mti wa miaka michache ilhali ngoma kubwa hutaka shina nene lililonyooka lisilo na tundu la tawi. Miti ya namna hiyo nje ya hifadhi imekwisha kukatwa. Mbele kidogo ya Mpambire kuna msitu wa Mpanga, wa hekta zisizofika 500, uliotengwa kwa utafiti tangu miaka ya 1950 na uliozungukwa na mashamba kila upande. Msitu mdogo hivyo hauwezi kulisha soko la ngoma la barabara nzima, na haupaswi kujaribu. Setala, kwa upande mwingine, ina kichwa chepesi kinachopitisha jua, kwa hiyo migomba na kahawa huendelea vizuri chini yake. Mkulima anayeiacha mitano shambani, akipogoa matawi ya chini ili shina libaki safi, anajiwekea magogo ya ngoma bila kupoteza ndizi hata mkungu mmoja.

Jumatano, vijijini Masaka

Leo ni siku ya gome, na kwa maoni yetu huu ndio mfano bora wa uvunaji katika nchi nzima, kwani mti unavunwa kila mwaka na bado umesimama.

Mti ni mutuba, Ficus natalensis. Haupandwi kwa mbegu: tawi nene la urefu wa mtu hukatwa na kuchomekwa ardhini, na mvua zikishika hutoa mizizi. Husimama katikati ya kahawa na migomba kama kivuli. Gome la kwanza huwa gumu na lenye makovu. La pili na la tatu ndiyo mazuri. Nguo yake, olubugo, ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa hazina ya urithi wa binadamu na ikaingizwa rasmi katika orodha yake mwaka 2008. Kwa watu wa Buganda ufundi huu ni wa ukoo wa Ngonge, na mkuu wake wa urithi huitwa Kaboggoza.

Wakati wa kuchuna ni mvua, mti unapokuwa na maji mengi chini ya gome. Kiangazi gome hung'ang'ania mti, na anayelazimisha huondoka na vipande. Fundi hukwangua kwanza tabaka la nje lililokufa mpaka lionekane la ndani lenye unyevu. Hukata mviringo mmoja chini karibu na mizizi, mwingine juu chini ya matawi, kisha mstari mmoja wa wima unaoiunganisha. Hapa ndipo mkono hupimwa. Kisu kinatakiwa kusimama kwenye gome na kisiuguse mti wenyewe, kwa sababu juu ya mti kuna utando mwembamba unaozaa gome jipya. Kila mahali kisu kilipopitiliza patabaki kovu lisilofunikwa, na mwaka unaofuata nguo itakuwa na tundu palepale. Kwa hiyo gome halibanduliwi kwa chuma: hutumika kigingi kilichochongwa kutoka shina la mgomba, laini kiasi cha kusukuma bila kukwaruza.

Gome likitoka lote kama shuka moja, shina huachwa jeupe na lenye utelezi. Halikai hivyo hata nusu saa. Hufungwa majani ya mgomba pande zote, kwani jua likiupiga ule utando ukakauka, mti hautengenezi tena gome bali hufa kuanzia juu. Baada ya siku kadhaa majani hufunguliwa ili gome changa lipate hewa. Yakisahauliwa humo, ukungu huanza.

Gome hupashwa moto au huchemshwa ili lilegee, kisha hupelekwa bandani. Banda lina maana yake: jua na upepo hulikausha kabla halijamaliza kutanuka, na gome kavu likipigwa hupasuka. Hupigwa juu ya gogo refu lililolazwa, kwa nyundo za mbao zenye mifereji kuzunguka kichwa. Nyundo ya kwanza ina mifereji mipana, ya pili ya wastani, ya mwisho myembamba. Fundi hupiga, hukunja, hugeuza, hupiga tena kwa saa nyingi, na upana wa gome huzidi mara mbili na zaidi. Mwisho nguo hutandazwa nje, hubanwa kwa mawe pembezoni, na upande ulioona jua hugeuka kutoka rangi ya mchanga hadi ile ya udongo mwekundu inayojulikana.

Mutuba uliotunzwa hivi huvunwa mara moja kwa mwaka kwa miaka hadi 40. Adui wake ni shamba kugawanywa vipande kati ya warithi na kivuli kukatwa ili kupisha nyumba. Wachuna gome hawamalizi kitu.

Alhamisi, Katugo, Nakasongola

Kurudi Kampala, kutokea kwenye barabara ya Gulu. Chai Bombo, mji wa Wanubi, ambapo Kiswahili hakihitaji kuombewa radhi. Baada ya Luweero mvua hupungua, nyasi huongezeka, na Katugo inatokea na misonobari yake iliyopandwa kwa mistari.

Mashamba ya miti ndiyo yanayopunguza mzigo wa msitu wa asili, mradi yatunzwe. Msonobari wa Karibea hupandwa mita 3 kwa 3, yaani miche 1,111 kwa hekta. Kosa linaloua mashamba mengi zaidi hufanyika mwaka wa kwanza, nalo ni palizi. Nyasi za huku hunyang'anya mche maji kabla haujashusha mizizi, na kiangazi kikija nyasi hizohizo ni petroli. Kila mche uwe na duara safi la nusu mita kila upande angalau miaka miwili, na kinga-moto ya mita 6 hadi 10 kuzunguka shamba ifyekwe kabla ya Desemba. Mchwa nao hula mizizi ya mikaratusi michanga miezi ya mwanzo, hivyo dawa huwekwa wakati wa kupanda. Mche ulionyauka hauponi.

Kupunguza miti ni kazi ambayo wenye mashamba huiogopa kwa sababu inaonekana kama kukata mali. Kati ya mwaka wa 4 na wa 6 ibaki kama 700 kwa hekta, mnamo mwaka wa 8 hadi 10 ibaki 400 hadi 500, na mwishowe 250 hadi 300 ndiyo ifike umri wa kupasuliwa, karibu miaka 20. Asiyepunguza huvuna miti mingi mirefu myembamba kama fito, na sokoni hakuna anayeitaka isipokuwa wa kuni. Kupogoa kuende pamoja: kwanza hadi mita 2, baadaye kwa awamu hadi mita 6. Tawi likatwe kwa msumeno karibu na shina bila kuacha kijiti, maana kijiti hicho hufunikwa na mti na kuwa fundo legevu ambalo hudondoka ubao ukikauka na kuacha tundu.

Mkaratusi una faida ya kuchipua tena. Ukatwe sentimita 10 hadi 12 kutoka ardhini, kwa msumeno wala si panga, na kisiki kiwe na mteremko kidogo ili maji yasituame. Panga huchana gome la kisiki, na machipukizi yanayotoka kwenye gome lililochanika huvunjwa na upepo. Yakifika mita moja na nusu hadi mbili, bakiza mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoota upande unaopigwa na upepo ili yakandamizwe kwenye kisiki badala ya kung'olewa. Baadaye bakiza moja. Mwenye kuacha yote kumi anaotesha kuni.

Nakasongola ni wilaya ya makaa, na miti iliyopunguzwa shambani ingefaa kwenda huko badala ya miti ya porini. Mkaratusi hufaa kwa makaa. Msonobari hutoa makaa mepesi yanayoisha upesi. Lakini hata kuni nzuri hupotea kwenye tanuri mbaya. Tanuri la udongo la kawaida hutoa kilo 10 hadi 15 za makaa kwa kilo 100 za kuni kavu. Uzembe wa kwanza ni kuchoma mbichi: moto hutumia kuni kukausha kuni. Kata vipande vya mita moja hivi, viache wiki nne au zaidi. Tandika vijiti vya msingi chini ili hewa ipite, panga vipande vikubwa katikati na vidogo nje, ziba kila mwanya kwa vijiti, maana mwanya ni hewa na hewa ni majivu. Funika kwa nyasi, kisha udongo usiopungua kiganja. Moshi ndio saa ya kazi hii: mweupe mzito ni maji yanayotoka, wa manjano unaochoma macho ni kuni zinazogeuka, wa buluu mwembamba unaotaka kutoonekana ni ishara ya kuziba matundu yote hapohapo. Anayechelewa saa chache katika moshi wa buluu anachoma makaa yake mwenyewe. Udongo ukibonyea au ukipasuka usiku bila mlinzi, asubuhi kuna shimo la jivu.

Tanuri la Casamance, la duara na lenye bomba la mapipa yaliyounganishwa lililowekwa ubavuni, hulazimisha moshi wa moto ushuke kupitia kuni kabla ya kutoka. Kwa kuni kavu na mchomaji makini hupita kilo 20, hata 25. Gunia la kilo 60 kwa tanuri la asilimia 12 linakula kilo 500 za kuni. Kwa asilimia 24 linakula 250. Bomba hilo hutengenezwa na fundi yeyote wa mabati.

Ijumaa, Budongo

Magharibi ya Masindi msitu unaanza ghafla. Hifadhi ya Budongo ina kilomita za mraba zipatazo 825, zaidi kidogo ya nusu yake msitu mnene, na hapa ndipo palipokuwa na mahogani nyingi kuliko mahali pengine Uganda. Chuo cha misitu cha Nyabyeya, kilichoanzishwa 1932, kiko ukingoni mwake.

Historia yake ni funzo la kitaalamu. Miaka ya 1950 na 1960, wasimamizi wa msitu waliamua kwamba muhimbi, mti mgumu unaotia butu misumeno, ulikuwa unachukua nafasi ya mahogani. Wakaua muhimbi na miti mingine isiyo na soko kwa dawa iliyochanganywa na dizeli. Ajabu ni kwamba maeneo hayo yalipata msitu mchanganyiko wenye matunda zaidi, na kima wakaongezeka. Mahogani haikuja kwa kiasi kilichotarajiwa, kwani kisha wakaja wapasuaji wasio na kibali wakaondoa miti mikubwa iliyokuwa inazaa mbegu. Unaweza kusafisha nafasi unavyotaka. Pasipo mama mti hakuna cha kuota.

Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 ndiyo iliyoleta mamlaka ya sasa ya misitu, NFA. Katika uvunaji ulio halali, kazi huanza kwa kuhesabu na si kwa kukata: kila mti mkubwa katika eneo hupimwa kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, au juu ya mabawa ya mizizi pale yanapopanda juu, hupewa namba, na huwekwa kwenye ramani. Mingine hutiwa alama ya kubaki: yenye mbegu nyingi, iliyo kando ya mto, na mitini inayolisha sokwe.

Miezi sita hadi mwaka kabla ya kuangusha, mimea itambaayo inayofunga miti pamoja hukatwa. Wanaoruka hatua hii huona mti mmoja ukivuta mitatu chini nao. Siku ya kuangusha, mdomo hukatwa upande wa kuangukia hadi robo ya kipenyo. Mkato wa nyuma huingia sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya mdomo, na husimama kabla ya kukutana nao, ukiacha bawaba ya karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Bawaba ndiyo usukani. Ikikatwa yote, mti hujichagulia upande. Mdomo ukiwa mdogo kwenye mti ulioinama, shina hupasuka wima na nusu yake hurushwa nyuma kwa mwangushaji.

Wapasuaji wa shimo bado wana heshima yao. Gogo huviringishwa juu ya jukwaa, mmoja juu, mmoja chini, na mstari huchorwa kwa uzi uliopakwa makaa. Kazi ni ya polepole, lakini hakuna trekta linaloburuta magogo na kukanyaga miche, na magamba na vumbi hubaki palepale kuwa mbolea.

Jumamosi, Budongo bado

Mvua ilinyesha usiku na barabara ya ndani ni tope, kwa hiyo siku ya miche.

Mbegu ya mahogani ina bawa, lakini haifiki mbali. Nyingi huanguka makumi machache ya mita kutoka kwa mama. Huota haraka na hufa haraka, hivyo hukusanywa na kusiwa ndani ya wiki chache. Mche hustahimili kivuli ukiwa mdogo, kisha hutaka mwanga. Pengo dogo la mti mmoja ulioanguka humfaa. Pengo kubwa hujaa mimea itambaayo na vichaka kabla mche haujapanda.

Kwa nini basi hakuna mashamba makubwa ya mahogani kama ya msonobari? Jibu ni nondo, Hypsipyla robusta. Hutaga kwenye ncha, kiwavi huingia ndani ya chipukizi la juu, ncha hufa, na mti hutoa vichwa viwili au vitatu. Shamba la mahogani tupu juani huwa bustani ya matawi. Wanaofanikiwa huipanda kwa mistari ndani ya msitu uliokatwa au katikati ya miti mingine, chini ya kivuli cha pembeni kinachousukuma mti kwenda juu. Ncha ikifa, hukata machipukizi yote ila moja lililonyooka. Mvule una mdudu wake, Phytolyma, anayefanya uvimbe kwenye machipukizi mpaka yaoze, na una tatizo la jinsia: miti dume haizai. Popo ndio wanaosambaza mbegu zake, kwa hiyo anayefukuza popo hana haki ya kulalamikia uhaba wa mvule.

Jumapili, barabarani

Masindi, Kigumba, Karuma, Kamdini, Lira. Hakuna cha kuandika sana ila amri ya rais ya Mei 2023, iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini. Hitaji la Kampala halikupungua siku ile, kwa hiyo lililofungwa huku linatafuta mlango kwingine.

Jumatatu, Otuke

Yao, yaani shea, mti wa mafuta wa Lango na Acholi huku kaskazini, ni Vitellaria wa aina ya nilotica. Mafuta yake ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, na saa sita mchana huwa karibu kimiminika. Mti huanza kuzaa ukiwa na miaka kama 15 hadi 20, kisha huzaa kwa vizazi. Mwaka 2018 serikali ilizuia kukata, kusafirisha na kuuza magogo ya yao na ya beyo, Afzelia africana, kwa kuwa yao ilikuwa inageuzwa makaa. Ukichoma yao unapata magunia mara moja tu.

Haupandikizwi kirahisi. Mbegu ikiota hushusha mzizi mrefu kwanza, na kuukata mzizi huo ni kuua mche. Njia ya kweli ni kuulinda uliojiotea: vigingi vichomekwe kuzunguka mche mdogo kabla plau haijaingia, na nyasi zifyekwe pembeni kabla ya moto wa kiangazi.

Matunda huokotwa yaliyoanguka. Yanayotikiswa mtini hayajajaza mafuta. Nyama yake huliwa. Kokwa zikirundikwa na unyevu huanza kuota ndani ya siku chache, na kokwa iliyoota hutoa mafuta makali yanayochacha mapema. Kwa hiyo huchemshwa siku hizohizo ili kuua kiini, huanikwa juani juu ya chekecheke iliyoinuliwa, kisha hupasuliwa. Punje huanikwa tena mpaka maji yafike karibu asilimia 7: ikitingishwa kiganjani iwe na mlio mkavu, na ikivunjwa isikunjike. Punje zilizokaushwa juu ya moto wa jikoni hubeba harufu ya moshi hadi kwenye sabuni ya mwisho, na wanunuzi huishika mara moja. Gunia la plastiki lililofungwa kabla ya hapo linakaribisha ukungu, na ukungu huo huleta sumukuvu.

Kukamua kwa mkono: chagua, tupa nyeusi na zenye tundu, kaanga kidogo bila kuunguza, saga mpaka uji wa kahawia. Ongeza maji ya vuguvugu kidogokidogo huku ukikanda, kisha maji baridi, mpaka povu la kijivujivu lipande juu. Likusanye, lioshe kwa maji safi, lichemshe taratibu mpaka maji yaishe na sauti ya kuchemka ikome. Chuja kwa kitambaa. Kilo 3 hadi 4 za punje kavu hutoa kilo moja ya mafuta. Mashine ya kukamua hutoa zaidi, lakini ikipashwa moto kupita kiasi rangi huwa nyeusi na bei hupungua. Mashudu yaliyobaki hukaushwa na kuwa kuni za kuchemshia awamu inayofuata.